Kanda ya Chuma Aliyoiacha Obura

Ukwala
9 Machi 1997

Kaka Oduor,

Nakusalimu, nikitumaini Kampala bado haijakumaliza. Sisi tupo. Akech ameingia darasa la nne na amekuwa wa sita. Angekuwa wa tatu kama si hesabu, na hesabu hizo amezirithi kwenye ukoo wetu, usibishe. Mama mkwe mguu wake bado umevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Mvua ilichungulia siku mbili ikaondoka, kwa hiyo mbegu ziko kwenye gunia na sisi tuko mlangoni tunatazama juu.

Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, maana katika boma hili wanaojua kusoma Kijaluo ni wengi mno na bahasha zangu hunifikia zikiwa zimeshachoka.

Siku ile ya mazishi uliondoka upesi. Udongo ulikuwa bado mikononi mwako ukapanda gari, hukuingia hata kunywa maji. Nilisema ni huzuni. Ulimleta mume wangu kutoka Kampala ukiwa umekaa naye nyuma ya pikapu usiku na mchana, ningekulaumu kwa lipi? Lakini umeniacha na mambo mawili, na miezi miwili sasa imepita.

La kwanza ni mkoba wake. Niliufungua juzi tu, awali sikuweza. Mashati mawili, suruali ya kaki yenye unga mifukoni, Agano Jipya, wembe, na kanda moja ya kaseti. Ameiandika CHUMA pande zote mbili kwa mkono wake, unamjua alivyokuwa akikandamiza kalamu. Nikaazima redio ya jirani yangu Mwalimu Nabwire, nikaiweka. Kaka, nilidhani redio inaungua. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nabwire akasema hiyo ni sauti ya mashetani, nimpe aichome pamoja na takataka. Nikamkatalia. Ni mwandiko wa Obura, siwezi kuuchoma. Lakini ni kitu gani hiki? Mume wangu alikuwa mtu wa kwaya.

La pili unalijua. Pale kaburini katekista alisoma barua ya tajiri wenu, kwamba Obura alikuja kazini amelewa akatia mkono mwenyewe kwenye kinu cha kusagia mahindi. Miaka miwili na miezi minne alikuwa ameacha pombe. Aliacha mbele ya kanisa zima, mimi nikiwa nimemshika mkono. Kila barua aliyoniandikia kutoka huko aliimaliza kwa maneno "bado mkavu". Kama alikuwa akinidanganya katika kila barua, nataka kujua. Kama hakuwa, nataka kujua zaidi. Wewe ulikuwa naye siku ile. Niambie kama alikunywa. Ni neno moja, ndiyo au hapana.

Akech anakusalimu, anauliza kama Kampala bado kuna wale ndege wakubwa wenye vichwa vya vipara.

Dada yako,
Moreen


Kisugu, Kampala
4 Aprili 1997

Mama Akech, dada yangu,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani posta ya Busia walinisaidia kuisoma. Wasalimu wote. Mwambie Akech ndege wapo, na mmoja amehamia juu ya paa letu kama mpangaji asiyelipa. Mama mguu auweke juu ya kigoda akikaa, asiuninginize. Mimi ni mzima. Mvua ya huku haikuchungulia, imeingia na viatu vyake, Kisugu yote ni matope. Umeme unakuja na kuondoka kama unavyotaka wenyewe. Kinu kinasaga siku tatu katika wiki, siku nyingine tunakaa juu ya magunia tunatazamana.

Dada, nakuomba, usiichome kanda hiyo, wala usimpe Nabwire. Acha nikueleze ilivyopatikana.

Mwaka juzi Obura alikwenda Kyebando kukutafutia kanda ya kwaya. Kuna Mnubi pale anaitwa Zubairi, ana kiduka cha kurekodi kanda, mashine mbili na kiti kimoja. Mwanafunzi mmoja wa Kyambogo alikuwa amemwachia kanda ya wazungu fulani akaisahau, na Zubairi alikuwa anaitumia kujaribia mashine zake. Obura akasimama mlangoni asiingie wala asiondoke. Zubairi akamwambia, "Wewe mzee, hii hapana muziki ya kucheza. Hii ni ya watoto ya campus, kichwa yao nahalibika." Shemeji akamjibu, "Rudisha mwanzo." Akasikiliza pande zote mbili akiwa amesimama, akalipia nakala. Kanda ya kwaya akaisahau kabisa. Hilo aliogopa kukuambia, basi nakuambia mimi.

Sasa nikufundishe kuisikiliza. Punguza sauti kwanza, usishindane nayo. Usianze na yule mwimbaji, muache apige makelele yake. Anza na ngoma. Ngoma hizo hazipigwi kama za kanisani wala za bendi za hapa, zinapigwa sawasawa bila kupumua, pigo kwa pigo, kama chuma kinapiga chuma. Gitaa zinakatwa fupi fupi. Nyuma kabisa, ukitega sikio, kuna mlio wa mota, nao hauachi tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Obura aliutambua siku ya kwanza. Alisema, "Huu ndio muziki pekee uliotungwa na mtu aliyewahi kufanya kazi." Nyimbo nyingine zote, alisema, zimetungwa na watu waliokuwa wamekaa.

Tena ni hadithi moja, nyimbo zote tisa. Zubairi alisoma kidogo, alitufafanulia. Kuna mji ambao watu wamechoka, wameziachia mashine kila kitu: kupika, kulinda, kuhukumu. Kuna mtu mmoja kazi yake ni kuzipaka grisi. Hana jina, ana namba tu. Anazijua mashine kuliko anavyomjua mkewe. Nyimbo tatu za kwanza anazisifu. Wimbo wa tano zinaamka zenyewe, zinaanza kuchagua ni watu gani wa kubakizwa. Zinamwomba yeye mwenye grisi awe ndiye anayeandika majina. Anakubali, kwa sababu anafikiri ataweza kuwaficha baadhi.

Ila sikiliza mwimbaji anavyofanya. Mashine ikisema, anapiga makelele. Mtu akisema, anaimba, na ana sauti safi kama ya mtu wa kwaya hasa. Obura alikuwa akisubiri pale sauti inapobadilika. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikaa chumbani kwangu, redio katikati, chai mikononi, na sehemu hiyo ikifika ananyanyua kidole kimoja nisiongee. Mimi mwanzoni kichwa kiliniuma. Mwezi wa pili nikawa mimi ndiye ninayemwita.

Kuhusu lile lingine uliloniuliza, barua si mahali pake. Tutaongea tukionana.

Kaka yako,
Oduor


Ukwala
27 Aprili 1997

Kaka Oduor,

Salamu za hapa ni nzuri na mbaya. Mvua imefika, tumepanda. Ng'ombe wa jirani amekula safu mbili. Akech ameng'oka jino. Mama mkwe ameweka mguu juu ya kigoda ulivyosema na kweli umepungua, lakini amekuwa mkimya, na nitakueleza kwa nini.

Nimeisikiliza kanda kama ulivyonielekeza. Nilipunguza sauti, nikaanza na ngoma. Mara ya kwanza sikupata kitu. Mara ya pili nilisikia ile mota. Mara ya tatu nilikuwa napepeta mtama nikajikuta ungo unakwenda na zile ngoma, nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu Januari. Na yule anayepiga makelele si shetani. Ni mtu anayesema karibu na mashine. Obura akirudi likizo alikuwa anaongea vivyo hivyo ndani ya nyumba, siku mbili nzima, mpaka masikio yazoee kwamba hapa hakuna kinu. Mimi nilikuwa namgombeza, namwambia mimi si kiziwi.

Ile sauti inapobadilika kwenye wimbo wa pili, nililia. Akech alikuja akakaa karibu nami. Siku hizi anauita wimbo wa baba.

Kwa hiyo asante kwa kunifundisha. Umenirudishia Jumapili zake, ambazo sikuzijua. Lakini kaka, nilikuuliza neno moja ukanipa nyimbo tisa.

Sasa sikiliza yanayotokea huku. Siku ya Pasaka kanisani husomwa majina ya waumini waliofariki mwaka huo. Mama mkwe alivaa kitambaa chake cheupe, akakaa mbele. Yalisomwa majina kumi na moja. La Obura halikusomwa. Nilimfuata katekista nje, akaniambia kwa upole kabisa kwamba aliyevunja kiapo akafa katika kukivunja, jina lake linasubiri. Linasubiri nini, nikamuuliza. Akasema hajui. Mama mkwe hajarudi kanisani tangu siku hiyo. Na ukumbusho wa Obura hapa nyumbani ni Jumamosi tarehe kumi na sita Agosti. Katekista amesema hatakuja kuomba katika nyumba hii mpaka mtu aliyekuwa pale aseme vinginevyo.

Mtu aliyekuwa pale ni wewe.

Moreen


Kisugu
8 Juni 1997

Dada Moreen,

Nisamehe kuchelewa. Nilishikwa na malaria, halafu nikapona, halafu sikuandika. Wote nawasalimu. Jino la Akech litaota, mwambie asiliguse kwa ulimi. Kazini tumepata mwenzetu mpya, Ojok, mtu wa Lira, mpole, anasimama pale aliposimama shemeji. Tajiri, mzee Erinayo, ameupaka ukuta rangi.

Nimefurahi kuhusu ungo. Ningependa shemeji angekuona.

Nilikwenda kwa Zubairi anirekodie nakala yangu, maana yetu iko kwako. Tukabishana juu ya mwisho. Utakuwa umeusikia wimbo wa tisa: hauna ngoma wala gitaa, kuna mota peke yake inayopungua, inapungua, dakika nne nzima, na pumzi za mtu. Halafu kimya. Zubairi anasema mtu ameshinda, ameizima mashine. Nikamwambia hapana, pumzi zinaacha kabla ya mota, sikiliza vizuri. Akarudisha, akasikiliza, akashangaa, "Banange, kweli." Obura yeye alikuwa na maoni yake. Alisema hakuna aliyeshinda, wote wawili wamechoka, na kwamba ndiyo maana anaupenda, kwa sababu nyimbo za vita kila mara zina mshindi na yeye hajawahi kumwona mshindi.

Siku hizi naona kanda ile ni nzuri kuliko tulivyojua, na naiogopa. Wimbo wa tano hasa, pale mashine zinapoamka. Mtu aliyeutunga alijua. Kuna kimya kidogo, halafu zinaanza zote pamoja, na moyo wako unaruka hata kama umeusikia mara mia.

Na kwetu ilikuwa hivyo hivyo, dada. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chekeche la kinu lilikuwa limetoboka, shemeji akafungua kifuniko alibadilishe, akaingiza mkono. Saa tisa mchana umeme ukarudi na mashine ikajiwasha. Ni hivyo tu. Kunywa au kutokunywa kusingebadilisha kitu. Hakuna wa kulaumiwa. Mwambie katekista ilikuwa ajali ya mashine.

Ndimi
Oduor


Ukwala
22 Juni 1997

Oduor,

Tuko wazima. Salamu nyingine utazipata siku nyingine.

Nimekwenda sokoni kwa Okinyi, fundi wa kinu chetu cha hapa. Nikamuuliza kama mashine ya umeme inaweza kujiwasha umeme ukirudi. Akacheka. Akanionyesha kitufe cha kijani, akasema umeme ukikatika kinaruka chenyewe, na ukirudi mashine inabaki imelala mpaka mtu aje akibonyeze. Halafu akaacha kucheka. Akasema, labda kama mtu amekikaza kitufe kwa kijiti. Akasema huko Kampala anasikia wanafanya hivyo ili wasipoteze muda.

Jioni nikamwita Nabwire. Siku hizi haiiti tena ya mashetani, anasikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba anifafanulie Kiingereza cha wimbo wa tano, kabla ya kile kimya chako. Zubairi wako amewaambia mashine zinaamka zenyewe. Nabwire amerudisha mara sita. Pale kabla ya kimya kuna sauti ndogo ya mtu, haiimbi, inasema tu. Ni yule mwenye grisi. Watu wamemuuliza kama mashine zimefungwa, naye anawajibu: zimefungwa, laleni. Kisha ndipo zinawaka.

Kwa hiyo hata katika kanda haikujiwasha yenyewe. Kuna mtu alisema ni salama.

Nani alimwambia mume wangu ni salama?

Moreen


Kisugu
20 Julai 1997

Dada yangu Moreen,

Nakusalimu wewe, na mama, na Akech. Nimeandika barua hii mara nyingi. Hii ndiyo nitakayoitia posta, hata ikiwa mbaya.

Obura hakunywa. Siku ile asubuhi alikunywa chai na mihogo, mchana maji. Tangu aokoke sikuwahi kumwona akigusa pombe, hata siku ya harusi ya binti wa Erinayo ambapo ilimwagwa kama maji. Walimtania, akawatania pia, akanywa soda yake. Barua zake zote zilikuwa kweli. Ilinipasa niseme neno hili pale kaburini, nimelichelewesha miezi sita.

Sasa mengine. Kijiti kipo. Ni kipande cha mti wa mzambarau, nilikichonga mimi kwa kisu changu. Umeme wa huku ukikatika unaweza kurudi saa yoyote na kukatika tena baada ya dakika ishirini, na wateja wanangoja na mahindi yao, kwa hiyo tunakaza kitufe ili tusipoteze hata dakika moja. Vinu vyote vya mtaa huu vinafanya hivyo. Sheria yetu ilikuwa kwamba mtu akifungua kifuniko, mwenye swichi anatoa kijiti kwanza. Mwenye swichi ni mimi.

Siku ile tulikuwa tumechoka kukaa. Nilikuwa nimenunua betri mpya za redio ili tusikilize wakati umeme haupo. Obura akasema acha abadilishe chekeche kabisa, kisha tusikilize bila kukatizwa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, nairudisha kanda kwa kalamu ili nisimalize betri, nazungusha, nahesabu, natafuta mwanzo wa wimbo wa saba, aliotaka tuanze nao. Akaniuliza, "Umetoa?" Nikasema, "Nimetoa."

Sikuwa nimetoa. Sikuinua hata kichwa. Dada, sikuwa nasema uongo kwa makusudi. Nilikuwa nimetoa asubuhi, nikarudisha, nikatoa tena, nikarudisha. Mdomo ulijibu wakati akili iko kwenye kanda. Kalamu bado ilikuwa ndani ya kanda mkononi mwangu umeme uliporudi.

Mkono ulikwenda wote mpaka begani. Nilikichomoa kijiti kile nikakitupa, lakini mota haisimami mara moja, inapungua polepole. Ndiyo maana wimbo wa tisa siwezi kuusikiliza mpaka mwisho siku hizi. Aliongea njiani. Aliniambia nisikuambie kwamba aliumia sana. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Erinayo alinikuta nje ya hospitali nimekaa chini. Akaniambia, "Sikia, Oduor. Huyu mutu alikuwa amerewa. Sivyo? Ama polisi ije iulize nani aliweka kile kijiti. Wewe sema." Nikanyamaza. Ndivyo nilivyomjibu, kwa kunyamaza. Akaandika barua yake, nikaibeba mimi mwenyewe mfukoni pamoja na maiti ya shemeji yangu, nikampa katekista kwa mkono wangu. Iliposomwa nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Nilimwona mabega yake yakishuka. Ningeweza kusema. Ndipo nikapanda gari bila kunywa maji, kwa sababu sikuweza kunywa maji ya nyumba yako.

Nilitaka mashine iwe na makosa. Kanda ile ilinisaidia sana, nilijiambia miezi yote hii kwamba wazungu wale walijua, mashine zina chuki na watu, zinangoja tu. Ni uongo. Kile kinu hakimchukii mtu. Ni chuma na mkanda na mota, kinafanya kilichokazwa kifanye.

Ojok sasa ndiye anayeingiza mkono. Kijiti natoa kila mara na kukitia mfukoni, na Erinayo ananigombeza kwa kuchelewesha kazi. Hili silisemi ili unisifu.

Mpe katekista barua hii. Uisome mbele ya watu ukitaka. Nikiitwa nije niseme kwa mdomo nitakuja, nikiambiwa nisije sitakuja.

Naomba msamaha. Sijui wengine huombaje, mimi naomba hivi tu.

Oduor


Ukwala
24 Agosti 1997

Kaka Oduor,

Barua yako ilifika tarehe saba. Niliisoma jikoni, kisha nikaenda shambani nikalima mpaka jembe likatoka mpini. Siku mbili sikumwambia mtu.

Halafu nikaipeleka kwa katekista. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Jumamosi ya ukumbusho alikuja, na wazee wa kanisa wote walikuja. Kabla ya maombi alipiga magoti mbele ya mama mkwe akamwomba radhi kwa ajili ya Pasaka. Jumapili iliyofuata jina likasomwa, peke yake, kanisa zima limesimama. Mama mkwe alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe.

Lakini watu walitaka kujua kwa nini katekista amebadilika, na mimi sikutaka jambo hili libaki la kunong'onezwa tena. Kwa hiyo niliwasomea barua yako pale uani, nikiifasiri kwa Kijaluo mstari kwa mstari. Niliisoma yote. Hata lile neno "Nimetoa" ulilomjibu Obura nililisoma kwa sauti. Sikuruka jina lako popote. Mama mkwe aliuliza, huyu ni yule aliyemleta mwanangu kwenye gari? Nikasema ndiye. Akauliza, yule aliyesimama nyuma yangu? Nikasema ndiye. Akasema siku atakapokufa yeye, wewe usije. Watu walimsikia, kwa hiyo nakuambia usije ukashangaa.

Kwa upande wangu nitasema kweli, maana wewe umesema. Nakushukuru. Nimelala usingizi. Mume wangu hakunidanganya, hata mara moja, na hilo hakuna atakayeninyang'anya tena. Nakukasirikia pia, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Si kwa ajili ya kijiti. Mkono wa mtu husahau, hilo nitalimeza pole pole, pengine. Ni kwa ajili ya pale kaburini. Ulimwona mama yule mabega yakishuka ukayatazama.

Usiniombe tena msamaha. Nimesikia mara moja. Kama msamaha ninao, nitakuja kuujua, na nitakuandikia. Kwa sasa usiandike.

Kuna jambo moja sikujua kama nikuambie. Akech jioni husali kwa kutaja majina, baba yake kwanza, kisha bibi, kisha mimi, kisha mjomba Oduor wa Kampala, kila siku bila kukosa. Baada ya ukumbusho aliniuliza kama aendelee. Nilimwambia aamue mwenyewe, ana miaka tisa, amesikia yote.

Jana alikuruka. Sikumsahihisha.

Moreen